Rangi Kumi na Tisa Kwenye Bomba la Usevya

Mimi na bomba la Usevya ni rika. Wote wawili tulifika Mpanda miaka ya hamsini, mimi kwa mikono ya mkunga, lenyewe kwa treni. Baba yangu, mvuvi wa Ikola aliyechoka kulowa, alikuwa amekuja kutafuta kibarua kwenye mgodi wa madini ya risasi, na kazi ya kwanza aliyopewa ilikuwa kushusha mabomba ya chuma kutoka kwenye mabehewa na kuyabeba begani, watu wanne kwa bomba moja, mpaka mtaroni. Ilimwachia kovu begani ambalo aliwaonyesha wageni kwa fahari kubwa kuliko alivyotuonyesha sisi watoto wake. Miaka mingi baadaye mgodi ulifungwa, mabomba yakang'olewa, na mengine yakaenda kutandazwa upya Usevya kwenye mradi wa maji. Kwa hiyo nilipokuja kugombana na bomba hilo nikiwa na mvi, nilikuwa nagombana na ndugu wa nyumbani.

Mwezi uliopita nilistaafu kazi ya kupima maji, nikakabidhi sanduku la kipimo, nikasaini, nikarudi zangu Kawajense kumwagilia mchicha. Nyie mliobaki ofisini mliniomba niwaandikie mambo ya kazi. Vyeo na mishahara nitaviruka, havina la kumfundisha mtu. Nitaandika jinsi kazi ilivyonifundisha, na siku moja ambayo nilimfundisha mtu mwingine maumivu kwa kosa langu mwenyewe.

Siku yangu ya kwanza nilipokelewa na Fundi Oswadi, Mkonongo mfupi mwenye sauti ya mtu anayemwita ng'ombe ng'ambo ya mto. Alinipa kipande cha nondo, akaniambia niweke ncha moja juu ya bomba na nyingine sikioni, nimwambie kuna nini ndani. Nikasema kuna maji. Akauliza kiasi gani. Nikasema mengi. Akaniambia, "Mengi siyo kipimo," akachukua pipa na saa yake ya mkononi, tukafungulia maji na kuhesabu sekunde mpaka pipa likajaa. Tulirudia mara tatu. Alikuwa haamini namba iliyotoka mara moja, hata ingekuwa ya idadi ya watoto wake. Nilikaa naye miaka kumi na moja na sikumbuki siku aliyonisifia, ila siku anastaafu aliniachia ile nondo, na mimi nikaelewa.

Kipimo cha mawimbi ya sauti kilifika ofisini Oswadi akiwa ameshatangulia mbele ya haki. Nyie mmekikuta, hamwezi kujua tulivyokishangaa. Kisanduku kidogo chenye vichwa viwili, unavifunga juu ya bomba kwa mkanda, hukati kitu, huloweshi hata kidole. Kichwa kimoja kinatuma sauti ndani ya maji, kingine kinaipokea, kisha vinabadilishana. Sauti inayokwenda na maji inafika mapema kidogo kuliko inayokwenda kinyume nayo, na kwa tofauti hiyo kifaa kinajua maji yanakwenda kwa kasi gani. Kasi tu. Upana wa njia yanamopita hakioni. Huo unakiambia wewe kwa kubonyeza vitufe: bomba lina kipenyo gani, chuma kina unene gani, ndani kuna nini. Ukikidanganya, kitakupigia hesabu nzuri kabisa ya uongo wako.

Tuliteseka nacho mwanzoni. Kati ya vichwa na bomba lazima upake jeli, maana hewa kidogo tu inazuia sauti. Chupa iliyokuja na kifaa iliisha mwezi wa pili. Nikajaribu mafuta ya mawese, yakayeyuka kwa jua na vichwa vikateleza mpaka chini ya bomba vikiwa vinanukia mchuzi. Mwishowe nikaenda zahanati kuomba ile jeli wanayowapaka akina mama wajawazito. Muuguzi alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akaniuliza mimba ya bomba ina miezi mingapi. Jeli alinipa, na jina la Baba Mjamzito lilinifuata Mpanda nzima kwa mwaka mmoja.

Nilijifunza mengine kwa aibu hivyohivyo. Usifunge vichwa mgongoni mwa bomba, hewa inakusanyika pale. Wala tumboni, kuna tope. Funga ubavuni. Usifunge karibu na kona wala karibu na pampu, maji yanakuwa bado yanazunguka kama mlevi anayetafuta mlango. Bomba likiwa nusu tupu, kifaa kinahesabu kama limejaa, kwa hiyo gonga kwanza usikilize. Haya yote niliyajua vizuri sana siku niliyokwenda Usevya. Nasema hivyo ili msije mkadhani nilikosea kwa ugeni wa kazi.

Mwendesha mtambo wa Usevya alikuwa Mzee Damiano, Mpimbwe wa palepale, mwenyekiti wa jumuiya yao ya kikanisa, mtu aliyenizidi miaka kama minane. Nyumba yake ya pampu ilikuwa safi kuliko nyumba yangu. Sakafu ilipigwa deki, spana zilipangwa ukutani kwa ukubwa, na bomba lilipotokeza nje ya ukuta liling'aa kwa rangi ya bluu mpaka unajiona. Hapo niwaeleze desturi yetu, maana nyie siku hizi mna mambo ya ripoti za kompyuta. Zamani ugeni wa mheshimiwa ukitangazwa, hata maji yasipotoka, ofisi inapeleka kopo la rangi. Mheshimiwa hawezi kuona ndani ya bomba, lakini rangi ataiona. Waendesha mitambo wengi walipaka kwa kulipua. Damiano alipaka kwa moyo, akifuata kila nati kwa brashi ndogo aliyoitengeneza kwa manyoya ya mkia wa mbuzi.

Mwaka huo mvua zilikuwa haba na watu wa Usevya walilalamika kuwa maji hayafiki. Bosi wangu, mhandisi mwenye haraka ya kila kitu isipokuwa kusaini likizo zetu, alinituma nikapime. Nikafunga kipimo kwenye bomba pale linapotoka kwa Damiano, sehemu iliyonyooka, ubavuni, kila kitu kama inavyotakiwa. Kikasoma mita za ujazo sitini kwa saa. Nikapanda kilimani kwenye tanki, ambako kipande cha mwisho cha bomba kilikuwa kimebadilishwa na kuwekwa kipya, nikafunga tena. Arobaini na saba. Kati ya pampu na tanki hakuna tawi hata moja kwenye ramani. Kwa hiyo kila saa mita kumi na tatu za maji zilikuwa zinaondoka na hazifiki.

Sasa sikilizeni nilichofanya, au tuseme nilichoacha kufanya. Kipenyo nilikipata kwa kuzungusha futi kamba juu ya bomba lile la bluu. Kifaa cha kupimia unene wa chuma nilikuwa nacho begini. Nilikigusisha, kikaonyesha vistari tu. Nikakitikisa, nikakipuliza, nikailaumu betri, nikakirudisha begini, kisha nikaandika unene kutoka kwenye kitabu cha zamani. Hata kipimo chenyewe kilionyesha kuwa sauti inapita kwa shida. Nikasema ni kwa sababu ya uzee wa chuma. Bomba lilikuwa zuri mno kulitilia shaka, na Damiano alikuwa ameniletea kiti na maji ya kunywa, nikataka kumaliza mapema.

Kando ya njia ya bomba kulikuwa na majaruba ya mpunga ya shemeji zake Damiano. Mwaka ule wa ukame yalikuwa bado kijani. Bosi aliposikia hilo hakuhitaji kusikia lingine. Ukaitwa mkutano wa kijiji kwenye uwanja wa shule, akasoma karatasi yangu mbele ya watu wote, akasema maji yanapotelea mikononi mwa mhusika. Neno mwizi hakulitamka, na hapakuwa na haja. Kisha akanigeukia, akaniuliza kama ndivyo nilivyopima. Nikasimama, nikasema ndivyo. Damiano aliweka funguo zake nne juu ya meza ya mwenyekiti wa kijiji, akaenda nyumbani kwa miguu akipita katikati ya watu, na hakuna aliyemsalimia.

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya jumuiya kusali nyumbani kwake. Walisali kwa jirani. Majaruba ya shemeji zake yakaanza kuitwa majaruba ya bomba, na mkewe akaacha kuja bombani, akawa anateka mtoni. Haya nilikuwa nasikia kwa watu. Nilijiambia kuwa si juu yangu, mimi nilipima tu.

Vibarua wawili waliwekwa kuendesha mtambo. Baada ya siku kumi bosi akanirudisha nipime tena, tuone maji yalivyoongezeka. Sitini pale pampu. Arobaini na saba pale tanki. Bosi akasema basi tawi la wizi bado liko ardhini, lichimbwe. Tukachimba siku nne kufuata bomba kando ya mpunga, tukakanyaga na miche ya watu, na tulichopata ni matope na kambare mmoja. Shemeji zake Damiano walisimama kwenye tuta wakitutazama. Hata maji kumbe waliyapata kwa kijito chao wenyewe, walichokichimbia mfereji tangu enzi za babu yao, na mtu yeyote angeonyeshwa kama angeuliza.

Siku ya nne Damiano mwenyewe alikuja mtaroni. Alichuchumaa ukingoni, akaniita kwa jina, sauti ya chini, akaniuliza kama maji bado yanapotea. Nikamwambia bado.

"Na mimi simo tena mle ndani."

"Ndiyo, mzee."

"Basi muulize vizuri huyo mnayemwamini," akasema, akiliangalia sanduku langu la kipimo. Akainuka, akaondoka.

Sikulala vizuri, na asubuhi nilikwenda nyumba ya pampu bila kujua natafuta nini. Nilikuta kibarua mmoja anapambana na nati iliyogoma, anaipiga kwa spana. Spana ikateleza ikalipiga bomba, na kipande cha rangi kikaruka kikaangukia karibu na kiatu changu. Nikakiokota. Kilikuwa kinene kama kipande cha gamba la kobe. Nikakigeuza ubavu, nikaona mistari: bluu, kijivu, bluu, kijani, bluu tena. Nikavaa miwani, nikahesabu kumi na tisa. Mle mlikuwa na kila mheshimiwa aliyewahi kutembelea Usevya. Nikakipima: milimita tatu. Nilielewa palepale kuwa futi kamba yangu ilizunguka rangi, haikuzunguka chuma.

Nyuma ya nyumba ya pampu kulikuwa na kona ya bomba hilohilo iliyong'olewa zamani, ambayo Damiano alikuwa anaikalia kama kigoda. Nikaipindua nikachungulia ndani. Ukoko mgumu, mweupe na wa kutu, ulikuwa umeshika pande zote kama ukoko wa wali chini ya sufuria, unene wa milimita sita. Nje nililinenepesha bomba kwa rangi, ndani nikalipanua kwa kutoangalia. Njia ya maji ilikuwa nyembamba kuliko nilivyokiambia kifaa, nacho kikazidisha kasi kwa upana ambao haukuwepo. Maji yaliyoibwa yalikuwa hayajawahi kuwepo duniani.

Nilikwenda nyumbani kwa Damiano nikiwa na kile kipande mkononi. Alikuwa anasuka kamba uani. Nilimweleza yote, na nilidhani atakasirika, lakini alikichukua kile kipande akakishika kwenye mwanga. Akaanza kunionyesha kwa ukucha. Hii ya kijani ni mwaka ambao bluu iliadimika. Hizi mbili zimefuatana kwa sababu mgeni aliahirisha na vumbi likapiga. Hii ya chini kabisa ni ya kwanza, alipaka akiwa na mwezi mmoja kazini, na mkewe alikuwa amejifungua. Alizikumbuka karibu zote. Kisha akaniuliza kama nataka kukwangua. Nikasema ndiyo, sehemu mbili tu, ukubwa wa kiganja, chuma kionekane. Alikigeuza kile kipande mara moja zaidi, akanirudishia.

"Kwangua," akasema. "Ila utumie msasa. Usije na patasi."

Nilitumia msasa siku nzima, mkono ukafa ganzi. Kifaa cha unene, kile nilichokisingizia betri, kiligusa chuma kitupu na kusoma mara moja. Nikaingiza kipenyo cha kweli, unene wa kweli, na ukoko wa ndani. Kipimo kikasoma arobaini na nane kasoro kidogo. Sikuishia hapo. Tulifunga maji ya kutokea tankini, tukatumbukiza ufito, tukahesabu muda, kama Oswadi alivyonifundisha kwa pipa na saa. Arobaini na saba. Maji yote yaliyotoka kwa Damiano yalikuwa yanafika. Kilichowapunguzia maji watu wa Usevya ni kwamba ukoko ulikuwa umelibana bomba kwa miaka, na hilo nilipaswa kuligundua siku ya kwanza, likatafutiwa dawa.

Bosi alinisikiliza, akakuna kichwa, akaandika barua. Ilisema kifaa kilikuwa na hitilafu ya kitaalamu na ndugu Damiano arudi kazini mara moja. Nikiri kwenu kwamba niliipenda barua ile. Jina langu halikuwemo. Nikampelekea Damiano, akaisoma mara mbili, akaikunja, akanirudishia. Alisema funguo alizitoa mbele ya watu, na atazipokea mbele ya watu.

Kwa hiyo mkutano ukaitwa tena, uwanja uleule wa shule, watu wengi kuliko mara ya kwanza, maana kila mmoja alitaka kuona. Bosi alikuwa na udhuru. Mwenyekiti akaweka funguo mezani, akanipa nafasi. Nilisoma barua. Nikaongeza maelezo ya mawimbi ya sauti, nikasema kipimo kilikosea kutokana na hali ya bomba, nikasema ofisi inasikitika. Watu wakaanza kunong'ona, wengine wakapiga makofi. Nikajua yameisha, nikataka kukaa.

Damiano akasimama. Alikuwa amevaa shati lake la Jumapili. Aliomba ruhusa kwa mwenyekiti, kisha akanigeukia.

"Bwana Shabani, hicho kipimo nimekiona. Kiko ndani ya sanduku lake, hakina mdomo. Hakikusimama hapa siku ile. Mimi nataka kumsikia aliyesimama."

Nilikuwa na miaka hamsini na zaidi, nina wajukuu, na nilijiona kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Nilitazama ile barua, haikuwa na msaada wowote. Nikaikunja, nikaiweka mfukoni.

"Ni mimi," nikasema. "Nilipima juu ya rangi. Unene wa chuma sikuupima, niliunakili kitabuni. Ndani ya bomba sikuangalia. Mzee Damiano hajachukua maji ya mtu, hata ndoo moja. Nilisimama hapa nikasema ndivyo, na haikuwa hivyo. Nisameheni nyie, na yeye anisamehe kuliko nyie."

Hakuna aliyepiga makofi safari hii. Niliona mkewe Damiano, amekaa na akina mama wenzake, akijifuta macho kwa ncha ya khanga, na mama aliyekaa naye akamsogelea akamshika bega. Damiano alinitazama tu, akaitikia kwa kichwa polepole kama mtu aliyesikia hesabu yake imetoka sawa. Akaenda mezani, akachukua funguo, akazikagua moja baada ya nyingine, zote nne zilikuwepo. Kisha akaniambia nimfuate nikamshikie spana, kwa sababu injini ile ilikuwa imeendeshwa wiki tatu na watu wasioijua na hakupenda ilivyokuwa inalia. Nikamfuata, mimi fundi wa wilaya na sanduku langu begani, kupita katikati ya watu walewale ambao sasa walikuwa wanamsalimia mmoja mmoja, naye anaitikia bila kupunguza mwendo. Katika miaka yote ya kazi sijawahi kutembea nyuma ya mtu kwa raha kama siku ile.